Mkono wa Baba na Winchi ya Mama

Ndugu, majirani na wote mliofika kumsindikiza mama yetu, familia imenituma mimi kitinda mimba wake niwasomee habari za maisha yake, na kwa kuwa sijazoea kusimama mbele za watu naomba mnivumilie, maana yako maneno ambayo Mama alinisisitiza nisiyaruke.

Mama alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne wa fundi matofali na mshona nguo, akaingia shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1970, hakuendelea kwa sababu ada ilitosha kaka zake tu, jambo ambalo hakulilalamikia, ila alilitaja kila mmoja wetu alipoleta ripoti mbaya nyumbani.

Tarehe 2 Juni 1975 aliajiriwa kuwa mfagiaji katika yadi ya vyuma, na pamoja na kufagia alikuwa akimpelekea chai mwendesha winchi, mzee aliyeitwa Babu Miwani, akipanda ngazi ya vipandio arobaini na viwili na birika mkononi, mpaka siku mzee huyo alipomnong'oneza kuwa macho yake yamechoka, akamwomba akae naye kibandani amwambie kinachoendelea chini, na kwa miaka sita Mama akawa anaona kwa niaba ya mtu mwingine, huku mikono yake ikijifunza taratibu vile vishikio vya kuinulia na kushushia.

Babu Miwani alipostaafu mwaka 1981 Mama aliomba nafasi yake, wapakiaji wakacheka, mmoja akasema, "Mwanamke aning'inize chuma juu ya kichwa changu? Bora nikauze viatu," lakini mzee akaweka kikombe chake cha chai juu ya bunda la mabomba, Mama akalivusha bunda yadi nzima na kulitua, mzee akakichukua kikombe, akanywa, akasema kasoro ni sukari tu.

Hata hivyo hakuna aliyekubali kumpigia ishara, nanyi mnaoijua kazi ile mnaelewa kuwa mwendesha winchi haoni kila kitu kilicho chini, kwa hiyo hanyanyui mzigo mpaka mpiga ishara wake ainue mkono, na aliyejitokeza alikuwa kijana mmoja mkimya, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 10 Desemba 1983, naye ndiye baba yetu, aliyependa kutania kuwa ni yeye peke yake mtaani ambaye mke wake hafanyi kitu mpaka yeye ainue mkono, ila ni kazini tu, nyumbani mkono wake haumsaidii. Walijaliwa watoto watatu, kaka yangu mwaka 1984, dada yangu mwaka 1988, na mimi mwaka 1997.

Alhamisi tarehe 17 Juni 1999, saa nne asubuhi, bunda la mabomba lilipaa kabla mpakiaji hajamaliza kufunga mnyororo wa pili, likainama na kumwangukia mguuni, na wote mnajua kilichosemwa, kwamba Baba aliinua mkono mapema, naye mwenyewe alikiri hivyo mbele ya msimamizi, akafukuzwa kazi, akaishi kwa kutengeneza baiskeli, akafariki tarehe 22 Agosti 2008, na mpaka siku hiyo watoto wa mtaani walikuwa wakimwita Mapema.

Mama aliendelea na kazi, akafundisha wanawake saba kuendesha winchi, akastaafu tarehe 30 Juni 2016, na Septemba 2023 akaanza kusumbuliwa na mapafu, akawa wa kulazwa na kuruhusiwa.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa. Tarehe 12 Januari mwaka huu, akiwa kitandani, Mama aliniambia kuwa Baba hakuinua mkono. Asubuhi ile ya ajali nilikuwa na homa kali, nimeachwa kwa jirani, Mama akawa anatazama getini asije akatokea mtu na habari mbaya, akavuta kishikio bila ishara, na Baba alipopanda mbio akamkuta bado amekishika kile kishikio, akamwambia, "Ukisema ni wewe, hakuna mwanamke mwingine atakayekanyaga ngazi hii. Niachie mimi."

Akaniagiza niyaseme siku ya mazishi yake; nilimsihi asinipe kazi hiyo, nikamwambia wale saba watasimangwa, akanijibu kwa taabu kuwa hao kazi yao inaonekana, lakini Baba hana wa kumsemea. Ndipo nikaelewa kwa nini msichana aliyekuwa akimfundisha winchi akitaka kuharakisha, Mama alimfokea mpaka akalia, subiri mkono, subiri mkono.

Juzi nilikwenda kwa yule mpakiaji, mzee wetu mwenye fimbo aliyekaa mstari wa mbele, nimwombe radhi kabla hajayasikia hapa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa chini nautazama mkono wa baba yako. Haukuinuka. Alinifuata hospitali akaniomba ninyamaze." Nikamuuliza kama ana kinyongo, akasema alikuwa nacho miaka miwili, kisha Mama akamchosha kwa supu ya kila Jumamosi.

Mama alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tano asubuhi, hospitalini, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutulelea watoto siku zote hizi, na wenzake wa yadi walioacha kazi leo, na kwenu ninyi wanawake saba, kama nimewaharibia naomba mnisamehe. Mzee wetu mpakiaji ameomba kusimama kando ya kaburi atoe ishara, hivyo nawasihi mtakaoshika kamba, hata mikono ikiuma, msishushe mpaka mkono wake uinuke.

Pumzika kwa amani, Mama, na ukimkuta Baba, mwambie tumeshasema.