Uso wa Mama Ngoy kwenye Simu

Treni ilipotoka Kamina, Mama Ngoy, kikongwe aliyejifunika kitenge hadi puani, alimnong'oneza mke wa askari aliyeketi kati yake na mimi: “Zamani minyi nilikuwa naimba na kucheza filme. Mu filme moja nilicheza mulozi, muchawi wa kuroga bantu. Sasa bantu bameiona mu telefone, bamenichomea nyumba.”

“Weye ubaambie, mama! Ilikuwa filme tu.”

“Nilibaambia. Banajibu: muntu hawezi kucheza muzuri vile kama haiko mulozi.”

Sijawahi kusikia sifa mbaya kuliko hiyo. Mke wa askari naye alisogea pembeni kidogo.

Treni ikasimama Kabongo. Nje, mwanamume alitazama simu yake, kisha nyuso zetu madirishani, mmoja mmoja.

“Mutoto wangu,” Mama Ngoy alimwambia mke wa askari, akimvuta karibu, “sema minyi njo mama yako.”