Kitako Kilichopinda

GWILYM: Haloo! Nani mwenzangu?

MERERID: Mererid hapa, mke wa marehemu Hywel. Hujambo, fundi?

GWILYM: Shemeji! Sijambo. Sema kwa sauti, mtandao wa huko milimani unakwaruza.

MERERID: Nimesimama juu ya ndoo bandani ndiyo nakupata. Sikiliza, kuna dalali anakuja saa nne kuchukua ile bunduki yake ya mitutu miwili. Anatoa pauni mia na hamsini.

GWILYM: Mia na— Huyo mwizi! Usimpe. Kwanza, ina risasi?

MERERID: Haina. Nimeifungua katikati, naona mwanga upande wa pili. Polisi wameniruhusu niishike mpaka iuzwe.

GWILYM: Safi. Chomoa mitutu, ifunge kamba, ining'inize, halafu igonge kwa mwiko.

MERERID: Mwiko? Fundi, umekunywa?

GWILYM: Gonga bwana, na simu isogeze karibu.

MERERID: Haya. [Ngiiiing.] Umesikia?

GWILYM: Sijui ni mitutu au mtandao. Tena.

MERERID: [Ngiiiiing.] Mbwa ameanza kulia.

GWILYM: Ahaa! Kama kengele ya kanisa. Kiungo kingekuwa kimeachia mahali, ingelia kama sufuria bovu. Sasa utazame mwili wa mitutu. Una michoro kama mawimbi?

MERERID: Ndiyo, nilidhani kutu.

GWILYM: Kutu! Hicho ni chuma cha kusukwa kama nywele, shemeji, cha miaka mia na zaidi. Hapo tunazungumzia mia saba.

MERERID: Mia saba! Ngoja, ngoja. Nisikufiche, kitako chake cha mbao kina kasoro. Nikikitazama kwa nyuma, kimepinda. Kimekwenda kushoto.

GWILYM: [Anavuta kiti.]

MERERID: Haloo? Umekatika?

GWILYM: Nipo. Si kasoro hiyo. Nilikipinda mimi mwenyewe, kwa mafuta ya moto.

MERERID: Kwa nini? Hywel alikuwa anakiweka bega la kulia.

GWILYM: Ndiyo maana miaka ishirini na sita hakuangusha hata kanga mmoja. Sisi wenzake tulimcheka mpaka tukachoka.

MERERID: Sasa kama hakikuwa cha bega lake—

GWILYM: Shemeji, unaandika kwa mkono gani?

MERERID: ... Kushoto.

GWILYM: Aliniletea koti lako la kijani nipime mkono.

MERERID: Lile koti! Nililitafuta wiki nzima! Nikamsingizia dada yake!

GWILYM: Ilikuwa zawadi ya kutimiza miaka kumi ya ndoa yenu. Jioni anakuja nayo, akakukuta unasema bunduki ikiingia ndani, wewe unatoka.

MERERID: Nilisema hivyo? ... Nilisema. Siku ile mbwa alikuwa amekula keki yangu, nilikuwa nataka kugombana na yeyote.

GWILYM: Basi akasema ni yake. Akanifunga mdomo.

MERERID: Mjinga yule. [Anacheka, kisha anapenga kamasi.] Mjinga kabisa. Anakosa ndege, anarudi amelowa, ananiambia upepo!

GWILYM: Sasa biashara. Wanunuzi wengi ni wa kulia, upindo huo unashusha bei hadi mia nne. Niletee nikinyooshe, nusu siku tu, tunarudi mia sa—

MERERID: Usiguse!

GWILYM: Sijagusa, shemeji, niko jikoni kwangu.

MERERID: Gari hilo, dalali amefika. Subiri. — We bwana, ingia unywe chai, lakini bunduki haiuzwi! Hata! Hata mia tatu, hata! — Amepanda bei kabla hajazima injini.

GWILYM: Ha! Nilikwambia.

MERERID: Fundi, ile Jumapili mnayorusha visahani vya udongo hewani na kuvilenga, wanawake wanakubaliwa?

GWILYM: Bibi Eurwen ana miaka themanini na anatushinda wote. Ila kwanza upate cheti cha polisi kwa jina lako.

MERERID: Nitakwenda kesho asubuhi. Bega linauma?

GWILYM: Siku ya kwanza, sana.

MERERID: Sawa. Salio linaisha, na huyu dalali anakanyaga vitunguu vyangu. Kwaheri, nisalimie nyum—

GWILYM: Shemeji? Ukilenga kwa kushoto, weka mguu wa kulia mbele! Haloo? Wa kulia!