Nilivyowapigisha Watu Makofi kwa Habari ya Msiba

Apewe sifa Bwana, ndugu zangu! Nimesimama na furaha, ingawa ninaanza na jambo la aibu.

Mimi ni mzaliwa wa Kiriba, ninashona viti vya pikipiki pale Mukendo, Musoma mjini. Shule niliishia darasa la saba, na Kiingereza sikukijua. Lakini nilikuwa nimekariri pambio tano za Kiingereza, nikaziimba kwa sauti kuliko wote. Waumini wakaanza kuniita Mwalimu. Ndugu zangu, sikuwasahihisha! Jina lilikuwa tamu.

Tukaenda semina Bunda. Mhubiri alikuwa mgeni wa Kiingereza tu, na mkalimani hakutokea. Kwaya yetu ikanisukuma: "Mwalimu! Panda, Mwalimu!" Nikapanda. Mgeni akasema, sikuelewa kitu, nikahubiri ya kwangu. Akiinua mkono, nami nainua. Watu wanaitikia amina! Kisha sauti yake ikashuka, akafuta macho. Nikadhani ni upako. Nikapaza sauti: "Mpigieni Bwana makofi!" Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Mgeni akanitazama tu.

Baada ya ibada Mama Bhoke, muuguzi mstaafu wa kanisa letu, akanivuta pembeni.

"Baba Neema, unajua ulichofanya? Huyo mtu amesema juzi amemzika mama yake. Wewe ukatupigisha makofi!"

"Mama, mimi..."

"Kiingereza hujui. Nilikuwaga nashuku tu. Leo nimeona."

Hakumwambia mtu yeyote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wiki tatu sikukanyaga kanisani. Nikiulizwa, nasema nina mafua. Mtu mzima, mafua wiki tatu! Asubuhi moja nikapiga magoti kando ya cherehani: "Bwana, nitoe katika uongo huu." Jumapili nikaungama mbele ya wote. Wako waliocheka. Mchungaji akauliza, "Sasa utafanyaje?" Nikajibu, "Nitajifunza."

Nikajiwekea utaratibu. Kila asubuhi kabla ya kazi, zoezi moja la sarufi, sentensi kumi kwenye daftari. Nikishona, nasikiliza hotuba kwenye simu: sentensi moja, nasimamisha, naitamka, naiandika. Hotuba ya kwanza ilinimalizia mwezi mzima. Zile pambio nikazifungulia kamusi neno kwa neno. Nikagundua moja ni ya toba na maombolezo, na mimi miaka yote nimeiimba nikiruka! Mke wangu akawa anasema, "Baba Neema, hiyo cherehani itakijua Kiingereza kabla yako." Mama Bhoke akasahihisha madaftari yangu kwa kalamu nyekundu, bila huruma. Miaka minne, ndugu zangu!

Mwaka huu tukawa na mkutano Butiama, na safari hii niliombwa rasmi kumtafsiria mgeni mwingine. Tulikwenda vizuri mpaka katikati, mgeni akasema jambo refu, sikulielewa. Wazo la zamani likaja: weka lolote, nani atajua? Nikamgeukia mgeni, nikamwomba kwa Kiingereza arudie polepole. Kisha nikawaambia watu, "Hapa sijaelewa. Naomba mnisubiri."

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Uliza tu, baba! Ng'ombe tumeshawafungia, hatuna haraka!"

Watu wakacheka, na mgeni naye akacheka bila hata kutafsiriwa. Akarudia, nikaelewa, nikasema. Amina iliyofuata ilikuwa ya maneno yake, si ya kwangu. Haleluya!

Ndugu zangu, Kiingereza changu bado kina makosa, na Mama Bhoke bado ana kalamu. Lakini woga ule umekufa! Namshukuru Mungu aliyenivumilia, na ninyi mlionipokea. Kama yupo hapa anayebeba jina lisilo lake, mwamini Bwana, useme "sijui" leo hii. Hutakufa. Mimi nililisema mbele ya kijiji kizima, nikashuka jukwaani mzima, tena naimba!