Jogoo wa Kwenda Chuoni

Mwaka 1999, kwenye treni iliyotoka Kigoma, niliketi mkabala na Asnath, binti mkimbizi aliyemaliza sekondari kambini na sasa alikuwa anakwenda chuo cha ualimu Tabora. Kando yake alikaa Mzee Januari, ambaye hawakujuana naye, akiwa amempakata jogoo.

"Chuoni hakuna kengele, mwanangu," mzee alimwambia. "Hakuna mwalimu wa kukuamsha. Chukua jogoo huyu."

"Asante, mzee, lakini bwenini hawapokei kuku."

"Uliwauliza?"

Asnath alikiri kwamba hakuuliza. Ni swali ambalo wanafunzi wachache hulikumbuka.

"Mimi nililala, mtihani ukanipita," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Nikarudishwa nyumbani. Baba hakunisemesha mwaka mzima."

Asnath akamtazama jogoo. "Huwika saa ngapi?"

"Alfajiri."

Jogoo akawika. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na ilikuwa mara ya nne tangu Kigoma.

"Mzee, huyu naye atachelewa mtihani."

"Ni ugeni tu. Atazoea, kama wewe."

Treni ikasimama Uvinza. Mzee akampakatisha Asnath jogoo, akashuka haraka. Asnath akatoa kichwa dirishani akimwita arudi, huku mkono mmoja umemshika jogoo miguu asije akaruka.