Kitanda Juu ya Bomba la Moshi

Ndugu zangu, nimeambiwa na Pasta niwe mfupi wa maneno, na mke wangu amekaa pale mbele kuhakikisha.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kwenda sokoni Karatina naona kama kuhama. Sasa, miaka ile ya sabini, mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia mke wangu gari-nyumba: gari kuukuu lenye kitanda na jiko huko nyuma, na ukuta kati ya kitanda na dereva. Dereva ni yeye mke wangu. Akaniambia, "Baba Wanjiru, wewe hutaki kutoka nyumbani. Basi nyumba itatoka na wewe."

Nikalala huko nyuma. Lakini kila tukienda Nanyuki kwa dada yake, kichwa kinapasuka, natapika. Tukifika, nikikaa nje kidogo, napona. Shemeji akacheka: "Ati huyu anaugua kukosa jiko lake!" Niliombewa. Nilinywa hata dawa ya minyoo. Mwenyewe niliamini safari ndizo zinazonichukia.

Siku moja tukaondoka na mvua. Vidirisha vya nyuma nilikuwa nimeviziba kwa matambara na gundi, maana baridi ya mlima naiogopa kuliko dhambi, Pasta anisamehe. Mlango nao ulifunguka kwa nje tu, kishikio cha ndani kilikuwa kimekatika. Gari likipanda mlima kwa kunguruma, kichwa kikaanza. Mara hii hata miguu ikalegea. Nikagonga ukuta.

"Mama Wanjiru! Simamisha!"

"Umeanza? Hata Kiganjo hatujafika!"

Nikagonga tena. Akaanza kuimba ili asinisikie. Nikatambaa hadi mlangoni, nikaukwaruza kama paka. Nawaambia, niliona watoto wangu wakila chakula cha jioni, na kiti changu kitupu. Mkono ukakataa kuinuka. Nikanyamaza.

Ndugu zangu, kunyamaza huko ndiko kulikoniokoa. Tangu tuoane, huyu mama hajawahi kunisikia nimenyamaza garini. Alisimama katikati ya barabara, akaja mbio kufungua. Mama mmoja aliyebeba viazi akatua mzigo, akashika mguu mmoja, mke wangu akashika wa pili, wakaniburuta hadi kwenye nyasi. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa ikiniingia mdomoni, na mke wangu ananichapa mashavu akilia, "Lalamika! Si ulalamike!"

Kesho yake fundi aliwasha injini, akaziba mdomo wa egzosi, yaani bomba la moshi, kwa kitambaa kilicholowa, mke wangu akilala chini pamoja naye kuangalia. Moshi ukafoka pale bomba lilipounganishwa, chini kabisa ya kitanda changu. Gasketi, ile pete ya kuziba maungio, ilikuwa imeungua, na sakafu juu yake ina kutu na matundu. Tulipogeuza godoro, masizi matupu. Wakaweka bomba jipya linalotokea nyuma ya gari, wakaziba sakafu, wakatengeneza mlango. Matambara ya dirishani niliyang'oa mwenyewe.

Namshukuru fundi. Namshukuru yule mama wa viazi, ambaye jina sikumuuliza kwa sababu nilikuwa nikitapikia viatu vyake. Namshukuru mke wangu, aliyesimamisha gari.

Mtu akiugua mahali pamoja kila mara, na akitoka anapona, mwombeeni, lakini mahali hapo pia mpachunguze. Injini ikinguruma, acheni dirisha wazi. Baridi ina sweta yake. Na nyinyi mlio na mlalamishi nyumbani, tafadhali, msiombe anyamaze.