Mjomba Kioo na Ufa Usiozunguka

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mpiga video wa bwawa letu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Wote tunamwita Mjomba Kioo. Mimi ni mwanagenzi wake, nimetoka shule juzijuzi, na nimepewa kuandika haya kwa sababu kila mtu anajua kusema mbele ya watu siwezi.

Alianza kwa kubeba betri, enzi ambazo kamera ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji. Kazi yake haijabadilika: kila mwezi anarekodi ukuta wa bwawa kutoka mwanzo hadi mwisho, wahandisi walinganishe na mwezi uliopita. Chini ya ukuta huo kuna shule, zahanati na nyumba zetu. Nyumba ya mama yangu ni ya tatu kutoka mtoni.

Jina lake linatokana na filta zake mbili, vioo vinavyovalishwa mbele ya lenzi. Ya kwanza ni kioo cheusi chenye pete. Ukizungusha pete, giza linaongezeka au linapungua. Juani kamera ya video lazima ivalishwe miwani hiyo, la sivyo picha yote inakuwa nyeupe. Ya pili inaondoa mng'ao juu ya maji. Bila hiyo, bwawa linaonyesha mawingu tu. Ukiizungusha polepole, mawingu yanafutika na ukuta ulio chini ya maji unajitokeza, unashuka, unashuka, kisha giza. Mara ya kwanza kuuona nilirudi nyuma hatua mbili.

Mwaka wake wa ishirini, katika jua la saa saba, aliizungusha pete ya kioo cheusi kupita kiasi. Ukifanya hivyo, picha inatoka na msalaba mweusi katikati. Meneja wa wakati huo aliuona kwenye televisheni ya ofisini, akaamini ukuta umepasuka, akapiga king'ora. Shule nzima ilikimbilia kilimani, mwalimu mkuu akiwa na kiatu kimoja. Kwa miezi mingi dereva wa ofisi alimsalimia hivi: “Mjomba, leo tukimbie, au tunywe chai kwanza?” Mjomba alicheka pamoja naye. Ila barua ya onyo aliyopewa ilisema kosa jingine kama hilo, kazi hana.

Miaka miwili baadaye aliona mstari mweusi chini ya maji. Anasema alipima pande mbili. Akinyamaza na kumbe ni ufa, tumekwisha. Akisema na kumbe ni kioo, amekwisha yeye. Wingu lilipofunika jua alikivua kile kioo cheusi, mstari ukabaki. Akaizungusha filta ya mng'ao, kwa sababu kasoro ya kioo huzunguka na kioo. Mng'ao ulikuja na kuondoka. Mstari haukuhama hata unywele.

Alipofika mlangoni kwa mhandisi mkuu, dereva aliuliza kwa sauti kama msalaba umefufuka. Mjomba aliingia moja kwa moja. Maji yalipunguzwa siku ileile, na kiganja kizima kiliingia ndani ya ule ufa. Watoto wa dereva walikuwa wanasoma shule ile ya chini. Tangu hapo, anayemtania Mjomba Kioo mbele ya dereva huyo anashushwa garini.

Jumanne iliyopita alinikabidhi kamera na kukaa kwenye ngazi nyuma yangu, akifuta lenzi ya akiba. Nilipofika katikati ya ukuta niliuona mstari. Nikavua, nikazungusha. Haukuhama. Nilimtazama. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya lenzi, nikajua naye ameuona kwenye skrini ya kamera, lakini aliniachia mimi niamue. Niliogopa ukuta, kisha nikajikuta ninaogopa zaidi kuchekwa na watu, na hilo ndilo lililonitisha kabisa. Nilikwenda kwa mhandisi. Sauti ilitoka mara ya pili.

Wapiga mbizi waliteremka, wakapanda na kamba ya boya la zamani iliyojaa mwani. Ofisi nzima ilicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mjomba Kioo aliwaambia kwamba siku ile alikuwa na hofu moja tu: kwamba ningenyamaza.

Jumatatu nitasimama ukutani peke yangu. Bado ninaogopa. Yeye pia, miaka yote hii, ameogopa kila alipogusa pete, akaizungusha hivyohivyo.

Mkewe, ambaye tunamshukuru kwa kutuazima mume, ametueleza kwamba tangu ufa ule, mvua ikinyesha usiku Mjomba analala na viatu miguuni.

Mjomba, asante kwa macho yako. Wafanyakazi wote wa bwawa, na sisi wa chini ya ukuta, tunakutakia mvua nyingi juu ya bati, na usingizi usioisikia. Vua viatu. Nitaangalia mimi.