Pikipiki Iliyozidiwa na Zawadi

Nyuma ya pikapu ya Tukuyu, Debora alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mzee Geresoni alikuwa ameilaza pikipiki yake mpya ya Kijapani katikati ya abiria. "Nilitaka kuzunguka milimani taratibu, nikilala kwa marafiki," alimwambia kijana muuza mitumba. "Kijijini Lupepo wakanifungia mkungu wa ndizi kwenye pikipiki. Lufingo, mkungu na jogoo. Igogwe, mikungu miwili. Nikakosa pa kukaa!"

"Si ungekataa, mzee?"

"Nikatae zawadi ya mwenyeji? Nitarudi kwake na uso gani?"

"Sasa nani anambeba nani, wewe au pikipiki?"

Debora, aliyekalia mkungu mmojawapo, aliona kijana ana hoja.

Pikapu ikasimama. Mama mmoja akaja mbio akivuta mbuzi. "Geresoni! Unapitaje bila kusalimia?"

Geresoni akamgeukia kijana. "Haya, mkatalie wewe."